Wenyeji wa Tumbo la Nyuki (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha nyuki kibarua akirudi mzingani na chavua miguuni. Leo tuingie tumboni mwake.

Ukitoka Lindi kwenda Masasi, Nanganga ndiyo njia panda ya Ruangwa na Nachingwea. Mikorosho ikichanua, nyuki hutoka kwenye miombo na kushukia mashambani. Nyuki mzima hubeba utumboni bakteria wanaofikia takriban bilioni moja. Wasikutishe: hawa si vijidudu vya maradhi. Ni jamii chache tu, zilezile kwa nyuki wa asali wa Afrika, Ulaya na Marekani.

Jamii mojawapo, Gilliamella, huvunja pektini iliyo katika ukuta wa chavua, kazi ambayo nyuki peke yake haiwezi. Nyingine, Snodgrassella, hukandika ukuta wa utumbo kama udongo wa nyumba na kula oksijeni, ndipo wenzake wasiopenda hewa wakastawi.

Lakini jambo kubwa ni hili: nyuki anapotoboa kifuniko cha sega na kuibuka, tumbo lake karibu ni tupu. Bakteria hao huwapata siku chache za mwanzo, kwa kugusana na dada zake, masega na mavi yao. Malkia hutaga yai, ila urithi wa tumbo hutoka kwa kundi.

Urithi huo unaweza kuharibiwa. Mwaka 2017 timu ya Nancy Moran, Chuo Kikuu cha Texas, iliwalisha nyuki tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, na kuwarudisha mzingani. Waliosalia hai walikuwa wachache kuliko wenzao wasiopewa. Mwaka 2018 ikaonyesha kwamba glifoseti, iliyomo katika dawa nyingi za magugu, huwapunguza bakteria hao, na nyuki wachanga wakazidi kufa walipokutana na kijidudu cha Serratia. Dawa isiyomuua nyuki papo hapo tumezoea kuiita salama. Mimi siiiti hivyo tena.

Ndugu mkulima wa Nanganga, magugu yaliyokwisha kuchanua yafyeke kwa panga, usiyapulizie. Nawe mrina asali, weka mwenge chini. Kundi likiungua, hata majana waliokwisha kufunikwa segani wakisalia, wataibuka bila dada wa kuwarithisha. Moshi kidogo watosha. Rina asali, waachie sega la majana na nyuki wao.

Itaendelea wiki ijayo.