BABA, MTENGENEZEE MTOTO KITI

Ilula katika Mkoa wa Iringa ni nchi ya nyanya na vitunguu. Baba anayeweza kupigilia misumari kwenye tenga la mbao la nyanya anaweza pia kumsaidia mtoto wake mwenye mtindio wa ubongo.

Mtindio wa ubongo ni nini?

Ni ulemavu unaotokea ubongo ukiumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika utoto. Pengine mtoto alikosa hewa alipozaliwa. Pengine aliugua malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Viungo vyake hukakamaa au hulegea. Huchelewa kukaa na kutembea. Ulemavu huu hauambukizi. Si laana. Wala si kosa la mama. Baba anayemlaumu mama na kuondoka humwachia mtoto mikono miwili badala ya minne.

Kwa nini akae?

Mtoto akilishwa amelala chali, chakula huweza kuingia mapafuni. Anaweza kupaliwa hadi kufa, au kupata kichomi. Alishwe amekaa wima, kichwa kimeinama mbele kidogo.

Jinsi ya kutengeneza kiti

1. Pima mguu kutoka unyayo hadi nyuma ya goti. Hicho ndicho kimo cha kiti.

2. Pima paja kutoka makalio hadi nyuma ya goti. Punguza upana wa vidole viwili. Huo ndio urefu wa ubao wa kukalia.

3. Weka egemeo lililonyooka, lifike mabegani. Kama kichwa huanguka, lifike kisogoni. Weka ubao kila upande.

4. Nyayo zikanyage ubao au sakafu. Zisining'inie.

5. Piga msasa, tandika blanketi. Mfunge kiunoni kwa kitambaa kipana. Weka meza ndogo mbele yake.

Usimwache kitini kutwa. Akikua, pima upya. Nendeni zahanati wewe na mama yake, mkaulize juu ya mazoezi ya viungo.

Usimfiche ndani. Mtoe nje akae na wenzake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto chakula, matibabu na elimu. Inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu.

Basi, baba, jioni ukitoka shambani kaa mbele ya kiti ulichotengeneza. Shika kijiko, umlishe mwanao polepole. Mama naye apumzike.