Shahada Haijisemei Ughaibuni

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni methali hii haina mshindani, lakini mbele ya dirisha la ubalozi hupoteza nguvu zake. Shahada iliyosomewa kwa miaka minne, ikalipiwa kwa ng'ombe na mashamba, ikatiwa sahihi ya Makamu wa Chansela, hugeuka hapo kuwa karatasi bubu. Haijisemei. Sharti isemewe.

Jambo hili lilinijia kwa uchungu mwaka jana, pale mwanafunzi wangu wa zamani aliponitembelea ofisini. Nilimfundisha isimu, akafuzu vyema, kisha akajiendeleza katika taaluma ya kompyuta. Kampuni moja ya Ujerumani inayotengeneza programu za kutambua sauti ilikuwa imempa ahadi ya kazi kwa maandishi. "Mwalimu," aliniambia, "mwajiri hana neno nami. Wenye neno ni wale wanaoisoma shahada yangu." Chuo alichosomea kilimchukua miezi mitano kumpa transkripti, yaani ile hati inayoorodhesha masomo na alama. Ilipotoka, ilikuwa na majina mawili ilhali pasipoti ilikuwa na matatu. Hati ikarudishwa kusahihishwa. Kufikia wakati huo, nafasi ilikuwa imepewa mtu mwingine.

Msomaji ataniuliza, je, si serikali yetu ilikwisha kutufungulia mlango huo? Ni kweli kwamba tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji na ajira. Habari zikatapakaa kwamba Wakenya 250,000 wangepata kazi huko. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani haikukawia kukanusha: mkataba hauna idadi wala mgao wowote, na kila mwombaji atapimwa kwa sheria za nchi hiyo. Mlango upo, basi, lakini ufunguo wake ni makaratasi.

Mimi ni mtu wa lugha, na naona kwamba sehemu ya mashaka yetu imo katika neno moja. Tunasema shahada "imetambuliwa" au "haikutambuliwa", kana kwamba swali ni moja. Kumbe maswali ni matatu, na kila moja lina mlango wake.

Swali la kwanza ni la chuo: je, kinatambuliwa? Wajerumani wana hazina ya taarifa iitwayo anabin, ambayo yeyote anaweza kuipekua kwenye intaneti bila malipo. Chuo kinachotambuliwa huwekewa alama ya H+, kisichotambuliwa H-, na kile ambacho hali yake yahitaji kuchunguzwa zaidi H+/-. Kijana anayefikiria kufanya kazi Ujerumani angefaa kuitazama alama hiyo kabla ya kulipa karo ya muhula wa kwanza, si baada ya kuhitimu.

Swali la pili ni la shahada yenyewe: je, inalingana na ya kwao? Chuo chaweza kuwa na alama njema, na shahada yako isiwe katika orodha. Hivyo ndivyo ilivyomkuta mwanafunzi wangu. Hapo huna budi kuomba hati ya ulinganisho kutoka ofisi ya ZAB iliyo mjini Bonn, ambayo ada yake ni euro 208. Pamoja na ombi hilo hupelekwa shahada na orodha ya masomo na alama. Yule ambaye chuo na shahada yake vyote vimo katika anabin kwa sifa zinazotakikana hutosheka na kuzichapisha kurasa hizo. Nimewaona watu waliolipa mawakala fedha nyingi kwa kazi hiyo ya dakika kumi.

Swali la tatu ni la idhini ya kufanya kazi: je, sheria yakuruhusu kuitenda kazi uliyosomea? Mhandisi wa kompyuta au mwanaisimu haulizwi hilo, kwani kazi yake haikuwekewa sharti la leseni. Daktari, muuguzi na mwalimu huulizwa. Mamlaka ya jimbo huyalinganisha mafunzo ya muuguzi na yale ya Ujerumani, na ikiona pengo humtaka aidha afanye kazi chini ya uangalizi kwa muda, aidha afanye mtihani. Juu ya hayo lugha ya Kijerumani inamsubiri, kwa kawaida katika kiwango cha B2. Muuguzi anayedhani kwamba hati ya ulinganisho imemaliza safari atashangaa kuambiwa kwamba ndiyo kwanza imeanza.

Ni rahisi kuyasoma haya yote na kuulaumu ubaguzi wa wazungu. Sisemi haupo. Lakini si haki kumlaumu karani wa Bonn kwa jambo ambalo sisi wenyewe hatukumwandikia. Shahada zetu za kwanza hazikuhitaji kuelezwa, kwa sababu hazikuwa zetu. Makerere tangu 1949, na Nairobi tangu 1961, wanafunzi walitayarishwa kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Kisha, kutoka 1963 hadi 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa matawi ya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Tulipopata vyuo vyetu wenyewe tulipata uhuru wa kuamua tufundishe nini. Pamoja na uhuru huo tulirithi wajibu ambao tumeupuuza, nao ni kumweleza mgeni kile tunachofundisha.

Aidha, nyani haoni kundule. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliahidi kwamba nchi wanachama zingetambuliana vyeti. Mwaka 2017 viongozi wetu wakatangaza eneo moja la elimu ya juu. Mimi mwenyewe niliporejea na shahada ya uzamifu kutoka ng'ambo, nilizungushwa kutoka meza hadi meza katika nchi yangu, nikidaiwa mtaala wa kozi ambayo haikuwa na madarasa bali utafiti mtupu. Mpimwaji, akipewa mizani, husahau upesi.

Tufanyeje basi? Vyuo vikuu vitoe transkripti pamoja na shahada siku ile ile ya mahafali, bila mhitimu kuomba. Kila idara ihifadhi maelezo ya kozi zake kwa kila mwaka, kwa maana mtu anayeombwa leo kueleza alichosoma mwaka 2009 hana pa kuyatoa ila kwetu. Majina yahakikiwe dhidi ya kitambulisho wakati wa kujisajili, si wakati wa kuhitimu.

Jambo hili lina haraka kuliko tunavyodhani. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, unatuaga. Mfumo wa 2-6-3-3-3 unamwekea mwanafunzi miaka mitatu ya elimu ya juu badala ya minne. Siku si nyingi, mwajiri wa nje atashika shahada mbili za chuo kimoja, zenye jina moja, moja ya miaka minne na nyingine ya mitatu, na kuuliza ni vipi. Jawabu la swali hilo linafaa kuandikwa sasa, nasi wenye vyuo, lisije likabuniwa na karani aliye mbali.

Mwanafunzi wangu hajakata tamaa. Hati zake sasa zina majina matatu, kwa mpangilio mmoja, naye ameanza kutafuta mwajiri mwingine. Miezi mitano aliyoipoteza haikuchukuliwa na Wajerumani. Ilipotelea katika kabati la ofisi yetu, umbali wa hatua chache kutoka darasa nililomfundishia.