Banda la kuku likinuka, kuku wako wanaumia

Mvua zinapoanza Nagongera, wafugaji wengi hufunga mabanda ya kuku kila upande. Madirisha huzibwa kwa magunia au turubai ili kuku wasipigwe na baridi na wezi wasione kilichomo ndani. Nia ni njema. Lakini banda lililofungwa, lenye sakafu iliyolowa, hujaa hewa mbaya usiku kucha, na kuku hawana pa kukimbilia. Makala hii inakueleza hewa hiyo inatoka wapi na namna ya kuirekebisha kwa gharama ndogo, iwe unafuga Tororo, Busia au katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali.

Harufu hiyo inatoka wapi?

Kuku hakojoi kama mbuzi. Mkojo wake hutoka pamoja na kinyesi. Ndiyo ile sehemu nyeupe unayoiona. Ikipata unyevu na joto, bakteria huivunja na kutoa gesi ya amonia, ile inayochoma pua na macho. Kinyesi kikavu hutoa amonia kidogo, kilicholowa hutoa nyingi. Ndiyo maana paa linalovuja au chombo cha maji kinachomwagika huharibu hewa ya banda zima.

Inamfanya nini kuku?

Ndani ya koo la hewa la kuku kuna vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma nje vumbi na vijidudu. Amonia huvidhoofisha, na magonjwa ya kifua hupata njia. Macho hutoa machozi na kuvimba. Sakafu mbichi huchoma nyayo na kuleta vidonda. Kuku anayeumwa hivyo hula kidogo, hakui vizuri na hutaga mayai machache. Mateso yake huanza siku nyingi kabla hujaokota kuku wa kwanza aliyekufa, na pesa ya karo au chumvi huanza kupotea siku hizo hizo.

Pima mwenyewe

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 inataka mashamba yanayofuga kuku wa nyama kwa msongamano mkubwa yahakikishe amonia haizidi sehemu 20 katika milioni moja ya hewa, ikipimwa usawa wa kichwa cha kuku. Huna mashine ya kupimia, lakini una pua. Ingia bandani alfajiri kabla ya kufungua, kisha chuchumaa hadi usawa wa kuku. Usikae muda mrefu ndipo uamue, kwa sababu pua huzoea. Macho yakikuchoma, hewa imeshaharibika.

Kisha chota matandazo ya sakafuni na uyafinye mkononi. Yakishikamana kama donge, yamelowa mno.

Fanya haya

- Acha uwazi juu ya kuta, chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, na uweke wavu. Ukitumia turubai, liwambe kuanzia chini na uache sehemu ya juu wazi. Kuku wamekingwa na upepo, na hewa chafu inapata pa kutokea.
- Tandaza maganda makavu ya mpunga au maranda ya mbao, kina cha sentimita 5 hadi 10. Walio Nagongera wako jirani na Butaleja, kwenye mashamba ya mpunga ya Doho.
- Sehemu iliyolowa iondoe siku hiyo hiyo na uweke matandazo makavu.
- Inua chombo cha maji kifike usawa wa mgongo wa kuku.
- Usiwabananishe. Kuku wa mayai wasizidi 5 au 6 kwa mita moja ya mraba.
- Usimwage majivu wala chokaa juu ya kinyesi kilicholowa ukidhani unaua harufu. Vitu hivyo huifanya amonia itoke kwa wingi zaidi. Ondoa kinyesi kwanza.

Vifaranga na jiko la makaa

Vifaranga wanahitaji joto, lakini makaa hutoa pia kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua vifaranga na watu. Usiwashe jiko katika chumba kilichozibwa kabisa. Kama kuku wako hulala mnamolala watoto kwa kuogopa wezi, tafuta njia ya kuwatenga, hata kwa banda dogo lililoegemea ukuta wa nje lenye kufuli. Vumbi na amonia huumiza vifua vya watoto pia.

Hewa safi haichukui nafasi ya chanjo. Endelea kuchanja dhidi ya mdondo, na ukiona kuku wanakoroma, wanakohoa au wanakufa kwa kufuatana, mwite afisa mifugo wa eneo lako mapema. Usiwauze wala kuwahamishia kwa jirani.