Kitabu chenye picha si cha watoto tu

Wandugu, mimi niko agronome. Viwavi niliwasoma darasani kwa majina magumu, na shambani tunawachukia juu wanakula mahindi yetu. Siku moja nikafungua kitabu cha Eric Carle cha mwaka 1969, kile cha kiwavi mwenye njaa. Kurasa zina matundu: pale kiwavi alipokula, kidole kinapita. Nikacheka peke yangu!

Ile furaha inatoka wapi? Picha inakuzuia kukimbia, unaangalia. Yai, kiwavi, kipepeo: maneno kidogo tu, mtoto anaelewa. Mimi ningejaza kurasa kumi, mulimaji angesinzia.

Basi, azima kitabu cha mdogo wako, soma polepole. Kisha jiulize: ile ulisoma miaka yote, unaweza kuichora mama shambani akaelewa?