Falaki ya Lamu: Uganga, Hesabu na Simu

Katika visiwa vya Lamu, neno falaki hubeba maana mbili: elimu ya nyota zilizomwongoza nahodha, na uaguzi wa saa njema ya kusafiri au kuoa. Mwalimu wa falaki hujumlisha thamani ya herufi za jina la mteja na la mamake, kisha hugawanya kwa 12. Baki huonyesha nyota yake. Kanuni hizo zilienea kwa vitabu vya Kiarabu vilivyopigwa chapa, kikiwemo kinachonasibishwa na Abu Maashar, aliyefariki mwaka 886. Leo simu ya mkononi yaweza kuifanya hesabu hiyo. Tafsiri ingali ya mwalimu. Hivyo basi, mhakiki anayemchora mganga kuwa adui wa usasa hupotosha.