Je, Wajua? Gego kutoka ngozi ya unyayo

Zamani Wamakonde wa Newala walichonga meno ya mbele yakawa na ncha, na sehemu iliyochongwa haikujazika tena. Seli zinazotengeneza enameli, gamba gumu la jino, hufa kabla jino halijachomoza. Tena hata zikiwa hai hazijiamulii kazi; huongozwa na tishu laini iliyo chini yake. Mwaka 1969 watafiti Kollar na Baird walitwaa tabaka la juu la chipukizi la jino la mbele la kijusi cha panya, wakalibandika kwenye tishu laini ya gego. Likaota gego! Walipogeuza mpangilio huo, likaota jino la mbele. Mwaka 1970 wakajaribu ngozi ya unyayo juu ya tishu hiyohiyo ya meno: nayo ikaunda jino, enameli ikiwemo.