Mnyoo wa usubi na alama zake kwenye damu

Mgeni akifika Daraja la Mungu wilayani Rungwe hupiga picha Mto Kiwira unavyochemka kwenye mawe. Nzi mdogo mweusi anayeambukiza usubi anayapenda maji ya aina hiyohiyo, yaendayo kasi na yenye hewa tele. Mabonde ya Rungwe na jirani zake Busokelo na Kyela yamekuwa na usubi tangu zamani, na kwa zaidi ya miaka 20 watu wa huku wamekuwa wakisimamishwa kwenye fimbo ya kupimia kimo, kisha wanahesabiwa vidonge vya ivermektini kulingana na urefu wao.

Vidonge hivyo huua vitoto vya minyoo vinavyotambaa kwenye ngozi na macho, vile vinavyoleta muwasho na upofu. Mama yao ni habari nyingine. Yeye hujikunja ndani ya kinundu chini ya ngozi na anaweza kuishi miaka 10 hadi 15. Dawa humsimamisha kuzaa kwa miezi kadhaa, kisha anaendelea.

Kipimo cha siku zote hakimwoni. Mtaalamu hukamata ngozi ya nyonga kwa kifaa kama koleo dogo, anakata kipande kisichozidi kichwa cha njiti ya kiberiti, anakiloweka kwenye maji ya chumvi na kusubiri vitoto viogelee nje. Kwa mtu aliyemeza dawa juzi, havitoki. Kipimo cha kingamwili nacho hukumbuka tu kwamba mgeni aliwahi kubisha hodi. Hakisemi kama bado yumo ndani.

Tunachohitaji ni alama inayotoka kwa mnyoo mwenyewe akiwa hai, na hapo ndipo watafiti walipozigeukia maikroRNA. Hizi ni nyuzi fupi ndani ya seli, za herufi 22 hivi za kijenetiki. Seli ikituma oda ya kutengeneza protini, maikroRNA huweza kuing'ang'ania ile oda isisomwe, au kusababisha ichanwe kabisa. Wanasayansi Victor Ambros na Gary Ruvkun walieleza ya kwanza mwaka 1993, wakiwa wanachunguza mnyoo wa udongoni wa milimita moja. Wengi waliiona kama kituko cha mnyoo yule, hadi mwaka 2000 ilipopatikana nyingine, let-7, ambayo hata sisi binadamu tunayo. Tuzo ya Nobel iliwafikia Ambros na Ruvkun mwaka 2024.

Baadhi ya maikroRNA huvuja nje ya seli na kuzunguka kwenye damu zikiwa zimefungwa vizuri, hivyo haziozi upesi. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kuzikuta za minyoo ya jamii ya usubi kwenye damu ya wagonjwa. let-7 haitusaidii, maana yetu na ya mnyoo zinafanana mno. miR-71 ya mnyoo ndiyo ya kuwinda, kwa kuwa binadamu hana.

Mwaka 2017 kundi jingine lilipima tena na kukuta kiasi kilichomo ni kidogo mno kutegemewa kwa uchunguzi. Mimi nalithamini jibu hilo kuliko matangazo mengi ya ushindi. Halafu kuna barabara zetu: chembe nyekundu zikipasuka ndani ya chupa iliyorushwarushwa kutoka kijijini hadi Tukuyu mjini, humwaga maikroRNA za mwenye damu na kuvuruga hesabu.

Upande wa dawa zinazolenga maikroRNA nao unataka subira. Virusi vya homa ya ini aina ya C huegemea miR-122 ya ini letu, na dawa ya kuizuia, miravirsen, ilivipunguza kwa wagonjwa waliojaribiwa. Lakini vidonge vinavyoponya ugonjwa huo viliitangulia. Jaribio la MRX34, dawa ya maikroRNA dhidi ya saratani, lilisimamishwa mwaka 2016 kwa sababu ya madhara makali ya mfumo wa kinga. Sishangai sana: uzi mmoja wa maikroRNA hugusa oda mamia, na ukiubana hapa unaweza kulegeza kule usikotarajia.

Kwa mnyoo aliyejichimbia kwenye kinundu kuna kikwazo cha ziada, kumfikia. Kwa sasa, mtafiti anayejaribu dawa mpya ya usubi na anayetaka kujua kwa hakika kama mama mnyoo amekufa, hukitoa kinundu kwa upasuaji mdogo, hukikata vipande vyembamba na kumtazama kwa darubini.